Wacheza Ngoma Nao Wapewe Jarida Lao



Mada niliyopewa ni magazeti na utamaduni wa taifa. Ni mada pana kiasi cha kumpoteza msemaji, kwa hiyo nimeichukua sehemu yake moja tu, ambayo huenda baadhi yenu mtaiona kuwa ni ya mzaha. Nataka kuthibitisha kwamba wacheza ngoma wa nchi hii wanahitaji jarida lao wenyewe. Sizungumzii ukurasa wa burudani wa siku ya Jumamosi, wala picha ya kikundi kilichotumbuiza uwanjani. Nazungumzia jarida la kazi, litakalomtumikia mcheza ngoma, mpiga ngoma na mwalimu wao kama Ukulima wa Kisasa lilivyowatumikia wakulima tangu mwaka 1955, na kama Mulika lilivyowatumikia walimu wa Kiswahili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kabla hatujafika kwenye ngoma, tazameni kwanza yaliyowapata washairi. Mwaka 1923, serikali ya kikoloni ilipoanza kuchapa Mambo Leo hapa Dar es Salaam, nia yake haikuwa kuwajenga washairi. Nia ilikuwa kuwafikishia watu habari zile ilizotaka wazijue. Lakini kurasa zilifunguliwa kwa mashairi, na washairi wakazivamia. Mmoja alitunga akiwa pwani, mwingine akamjibu toka bara, wa tatu akawakosoa wote wawili kwa mizani iliyopungua. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa walioandika humo. Baada ya miaka thelathini ya mabishano ya namna hiyo, haikuwa ajabu kwamba mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Meya wa jiji hili, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichoweka kanuni za vina na mizani mahali ambapo kila mwalimu angeweza kuzisoma. Miaka ya 1970 vijana wa Chuo Kikuu walizipinga kanuni hizo. Walizipinga kwa maandishi, na wazee wakawajibu kwa maandishi. Leo mwalimu wa Sumbawanga, ambaye hajawahi kukutana na malenga yeyote, anaweza kuingia darasani akafundisha tarbia na kueleza pia kwa nini wako wanaoikataa.

Sasa mwulizeni mwalimu huyohuyo afundishe mdundiko. Atafundisha alichokiona kwa macho, kama alibahatika kukiona. Na kama aliyemwonyesha alikosea, kosa hilo litarithiwa na darasa zima.

Ngoma ina wafuasi wengi kuliko shairi, na imekuwako kabla ya shairi kuandikwa. Kinachoipungukia ni mahali ambapo wenyewe kwa wenyewe wangeulizana, wangesahihishana na kuwekeana kumbukumbu. Kwa kuwa mahali hapo hapajapatikana, kazi ya kuandika habari za ngoma imefanywa na watu wengine, na yafaa tujiulize ni akina nani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilienea katika Tanganyika pamoja na askari na makarani. Ilikuwa na pande mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti, zenye vyeo vya kuiga jeshi, michango ya kusaidiana na kuzikana, na matawi kutoka pwani hadi bara. Utawala wa Kiingereza uliingiwa na wasiwasi. Uliwaagiza maofisa wake wachunguze watu hawa wanakutania nini, viongozi wao ni nani, na fedha zao zinakwenda wapi. Ripoti zile zikawekwa katika majalada, na miaka mingi baadaye mwanahistoria Terence Ranger alipoandika kitabu chake juu ya beni, kilichotolewa mwaka 1975, ilimbidi azitegemee kwa sehemu yake. Hivyo basi, sehemu ya kile tunachokijua leo juu ya ngoma iliyotikisa nchi nzima tumekipata kwa watu walioiogopa. Wakuu wa Marini na Arinoti hawakuacha gazeti.

Baada ya maofisa wakaja wataalamu. Hao sina ugomvi nao, na baadhi yao nawashukuru. Margaret Strobel aliandika juu ya akina mama wa Mombasa na lelemama yao mwaka 1979. Kitabu cha Kelly Askew juu ya muziki na siasa ya utamaduni katika nchi yetu kilichapwa Chicago mwaka 2002, na cha Laura Edmondson juu ya vikundi vyetu vya maonyesho kikatoka Indiana mwaka 2007. Ni kazi za watu waliokaa nasi, wakasikiliza, wakatoka jasho. Hata hivyo zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomi wenzao, na bei yake inamshinda mwalimu wa shule ya msingi. Mama aliyehojiwa na mmoja wao barazani kwake hawezi kukifungua kitabu chenyewe akasema, hapa mwanangu hukunielewa.

Mahali ambapo wacheza dansi wenyewe walishika kalamu, mambo yalikwenda vingine. Mjini London lilikuwako jarida lililoitwa Dancing Times. Lilianza mwaka 1894 kama karatasi ya ukumbi mmoja wa dansi, na mwaka 1910 likachukuliwa na Philip Richardson, aliyeligeuza kuwa jarida la nchi nzima. Vita ilipokwisha, kumbi za dansi za Uingereza zilikuwa na vurugu, kila kijana akicheza fokstroti yake. Mwaka 1920 Richardson aliwaita walimu wa dansi wakutane wapatane hatua za msingi ziwe zipi. Wakapatana, na jarida likawa sauti ya mapatano hayo. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha walimu wa bale ambacho leo ni Royal Academy of Dance. Hayo yote yalifanywa na mhariri mmoja mwenye jarida la wanachama wa fani moja.

Mtaniuliza, na sisi wa Kariakoo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kufikia miaka ya 1930 vijana wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa walikuwa wanavaa suti na tai na kushindana kwa fokstroti, walzi na tango. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Katika miaka ya 1950 Ukumbi wa Arnautoglo, hapo Mnazi Mmoja, ukawa mahali pa kucheza dansi. Dansi iliyokwisha kupangwa, kupewa majina na kuandikwa ilisafiri maelfu ya maili ikawakuta vijana wetu. Na lelemama iliyokuwa ikichezwa mtaa wa pili haikuwa na karatasi hata moja ya kuisindikiza mpaka Morogoro. Hapana shaka kasumba ya ukoloni ilikuwako. Lakini tusiitwishe kasumba mzigo wote. Ufundi ulioandikwa hufika mbali kuliko ufundi usioandikwa.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika hotuba yake Bungeni mwezi Desemba 1962, akiwa ndiyo kwanza ameshika Urais wa Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi wa Tanganyika walijua rumba, chachacha na fokstroti, hali wengi wao hawakuwahi kucheza wala hata kusikia gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lelemama. Katika hotuba hiyo alitangaza Wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hotuba hiyo imenukuliwa mara nyingi mno, hata imekuwa kama sala ya kufungulia warsha. Ninachowaomba ni mfanye jaribio dogo tu. Chukueni majina yale sita. Kisha tafuteni maandishi ya Kiswahili ambayo mwalimu anaweza kuyapata wilayani kwake, yanayoeleza konge huchezwa na nani, wakati gani, kwa ngoma ngapi, na mguu gani huanza. Zaidi ya miaka sitini imepita. Tumeimba majina, na ngoma zenyewe tumewaachia wazee.

Kazi ilifanyika, sikatai. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kiliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho mwaka 1967. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Baraza la Sanaa la Taifa liliwekwa kisheria mwaka 1984. Vyombo vipo, ila kila chombo kinazungumza na faili lake.

Matokeo yake tunayaishi hapa mjini. Msondo ni ngoma ndefu ya pwani, ngoma ya unyagoni yenye miiko yake. NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964, iliufanya msondo kuwa jina la mtindo wake. Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978 ikajitwalia sikinde, nayo ni ngoma ya Wazaramo. Kuazima huko kulikuwa heshima, na muziki uliotokea ni fahari ya nchi. Lakini mwulize kijana wa mtaa wa Narung'ombe msondo ni kitu gani. Atakutajia bendi. Jina limebaki mdomoni, na kitu kilichoitwa kwa jina hilo kinakwenda zake pamoja na makungwi wanaokijua.

Au chukueni sindimba ya Wamakonde. Ilipotolewa Mtwara na kupandishwa jukwaani, ilifupishwa ipate kutosha katika ratiba ya sherehe. Baadaye vikundi vya mjini vikazidisha kiuno, mpaka watazamaji wakaamini kwamba kiuno ndiyo sindimba yenyewe. Wataalamu wetu, akiwamo Profesa Penina Mlama, wamekwisha kueleza jinsi ngoma inavyopungukiwa inapong'olewa katika maisha yaliyoizaa. Ninachouliza mimi ni hiki: mzee wa Newala aliyeiona sindimba ile ya jukwaani akachukizwa, angepeleka wapi barua yake? Gazeti la kila siku lingeichapa siku moja, kesho yake likafungia sukari. Katika jarida la wacheza ngoma barua hiyo ingejibiwa na mwalimu wa kikundi, mzee angerudi, na mwalimu wa tatu wa Masasi angeongeza kwamba kwao huchezwa vingine kabisa. Ndivyo ushairi ulivyokua. Wanaohofu kwamba kuichapa ngoma ni kuigandisha wakumbuke kwamba jarida si msahafu. Toleo la mwezi wa tatu husahihishwa na toleo la mwezi wa sita.

Watumishi wa umma waliomo humu wasidhani kwamba nazungumzia anasa. Mwaka 1955, TANU ilipotaka kuwapata akina mama wa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed hakuanza kwa kubandika matangazo ukutani. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na aliwaendea viongozi wa vikundi vingine vya akina mama, mtaa kwa mtaa. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi wanaotiiwa, vilikuwa na sare, vilikuwa na michango na nyumba za kukutania. Wanawake waliingia katika Chama kwa maelfu, na katika miezi ile ya mwanzo walitembea mbele ya waume zao. Habari hizi tunazisoma kwa ukamilifu katika kitabu cha Susan Geiger, cha mwaka 1997, ambaye aliwahi kuwahoji wenyewe kabla hawajafa. Bibi Titi alifariki mwaka 2000. Fikirini ni akina mama wangapi wa lelemama waliotangulia bila kuulizwa. Vikundi vya ngoma vilibeba uhuru mabegani, na hatuna hata orodha ya majina yao iliyotungwa na wao wenyewe.

Na leo mcheza ngoma anafanywa nini? Mgeni mheshimiwa akiteremka katika ndege, ngoma lazima ipigwe. Baadhi yetu humu ndio huandika barua ya kukiita kikundi. Watu hufika alfajiri, husimama juani hadi saa saba, hucheza dakika nne, kisha hugawiwa soda. Wachezao hucheza pekupeku juu ya lami na saruji ngoma ambazo zilitungwa kwa ajili ya mchanga na udongo, na baada ya miaka michache magoti na miundi hulalamika. Mchezaji mpira ana daktari wa timu, na akiumia kidole gazeti zima hujua. Mpiga chapuo aliyepasuka viganja huambiwa apake mafuta. Jarida lao lingeandika mambo haya bila haya: namna ya kupasha mwili kabla ya kucheza, sakafu ipi inaumiza, mkataba mfupi wa maonyesho unavyoandikwa, na malipo ya haki ni kiasi gani. Sidhani kwamba maofisa wote watafurahia kusoma kurasa hizo.

Najua lipo jibu lililokwisha kuandaliwa. Kila mtu ana simu mfukoni. Ngoma zote zimo katika video. Jarida la karatasi la nini? Jibu hilo lina nguvu, na video ni msaada mkubwa. Lakini video huonyesha mguu ulipokanyaga. Haisemi ni mlio gani wa vumi uliompa mchezaji ishara ya kugeuka, wala kwa nini wanawake hujitenga upande ule, wala wimbo ulitungwa kumsema nani. Tena haibishani na mtu. Singeli ya Manzese na Tandale ilitoka nje ya mipaka kwa santuri zilizotolewa Kampala tangu mwaka 2017, na vijana wetu wakaitwa majukwaa ya Ulaya. Mitindo ya kuicheza huigwa na watu wasioijua hata njia ya kwenda Tandale, na kijana aliyebuni mtindo hana pa kuonyesha kwamba ulianza kwake. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 inatambua utungaji wa michezo ya ngoma na dansi. Mbele ya sheria, ukurasa uliochapwa, wenye jina, mtaa na tarehe, ni shahidi mzuri.

Swali la fedha ni gumu zaidi, na sitalificha. Hata hilo Dancing Times lilifungwa mwaka 2022, baada ya miaka 112 ya Richardson na waliomfuata, kwa kuwa gharama zilipanda na matangazo yakapungua. Kama London imeshindwa, sisi tutaweza? Naamini tutaweza iwapo tutaanza kidogo. Karatasi ya kung'aa haitakiwi. Zinatosha kurasa thelathini na mbili, matoleo manne kwa mwaka, rangi nyeusi na nyeupe, na nakala ya simu kwa wale wanaopenda kusomea huko. Halmashauri zina maofisa utamaduni. Hao ndio waandishi wa mikoani, tena wanalipwa mshahara tayari. Bagamoyo kuna walimu na wanafunzi wanaohitaji mahali pa kuandika. Mnunuzi wa kwanza awe shule, kwa maana kila mwaka mwalimu hutakiwa kuandaa ngoma ya mashindano, na kila mwaka huanza upya kama kwamba hakuna aliyewahi kuiandaa kabla yake.

Ila nina sharti moja. Mhariri awe mtu aliyecheza au aliyepiga ngoma. Jarida hili likigeuka kuwa albamu ya picha za wageni rasmi, wacheza ngoma watalitumia kufungia karanga, na watakuwa na haki.

Kuhusu nani ataandika, tusitishwe na kwamba wajuzi wengi wa ngoma si watu wa kalamu. Bibi asimulie, mwalimu aandike, amsomee alichoandika, bibi asahihishe, na majina yao wawili yachapwe juu ya makala, la bibi likitangulia. Manju wa Usukumani aliyeongoza ngoma tangu ujana wake anayo mengi ya kusema juu ya kuwapanga watu mia katika uwanja bila kipaza sauti. Sehemu ya msamiati nayo isikose. Tunayo maneno mazuri, chapuo, vumi, msondo, njuga, upatu, manju, na mengine ambayo yanajulikana katika wilaya moja tu; yakikusanywa toleo kwa toleo, katika miaka mitano mwalimu atakuwa na lugha ya kufundishia, asilazimike kusema "fanyeni hivi" huku akiruka.

Toleo la kwanza, kwa maoni yangu, lizichukue zile ngoma sita zilizotajwa Bungeni mwaka 1962, pamoja na msondo na sikinde kwa ajili yetu wa mjini. Nane zinatosha. Mwalimu mmoja kwa kila ngoma, mwenye daftari na kalamu, aende kwa wenye ngoma yao akaandike jina la msimulizi, kijiji, ngoma zinazopigwa na mpangilio wa wachezaji. Hatahitaji kibali cha utafiti kumwendea bibi yake mwenyewe. Likizo ya Juni inamtosha.